Mikono Minane Ndani ya Maji ya Mvua

Jumatatu, 18 Agosti

Daktari Elodie ameniagiza nishike daftari la kazi. Niandike tarehe, hali ya hewa, na kila jambo linaloweza kugusa matokeo, hata likionekana dogo. Nimemuuliza jambo dogo linaishia wapi. Amejibu: "Mwalimu, muandike tu. Tutakata kisha."

Basi naandika. Na kwa kuwa vipimo vitafanyika jikoni kwetu, na katika jikoni ile hakuna kitu kinachotokea bila mkono wa mke wangu Domitille, yeye naye ataingia katika sayansi, apende asipende.

Mimi ni Léon, umri miaka hamsini na mmoja, mwalimu wa kemia hapa Bunia kwa miaka ishirini na minne, mwenye diploma ya miaka mitatu. Licence, yaani shahada ya chuo kikuu, niliianza mara mbili. Mara ya kwanza niliiacha kwa sababu ya vita, mara ya pili kwa sababu ya uvivu, ingawa watu nawaambia ni vita mara zote mbili. Sasa chuo kimetangaza kwamba mfumo wa zamani unafungwa. Asiyetetea mémoire yake, yaani tasnifu, kabla ya mwisho wa Oktoba ataanza upya mwaka wa kwanza katika mfumo mpya. Mwaka wa kwanza wa safari hii una wanafunzi wangu wa zamani kumi na mmoja. Mmoja wao amekwisha kuniahidi kiti karibu na dirisha.

Elodie pia nilimfundisha, alikaa benchi la pili. Alisoma Ulaya, akarudi mwaka jana na udaktari, na mimi ndiye mwanafunzi wake wa kwanza wa mémoire. Siku niliyoingia ofisini mwake mara ya kwanza alisimama anipe kiti, kama mwanafunzi anavyomfanyia mwalimu wake. Mimi nikakataa kukaa, kama mwanafunzi anavyomfanyia mkubwa wa kazi. Tulizungumza nusu saa wote tumesimama, kiti kinatuangalia.

Jumamosi, 23 Agosti

Mvua asubuhi, jua mchana. Maharage yameiva saa nane.

Elodie amenipa chupa mbili ndogo alizoleta kutoka maabara yake ya zamani. Kila moja ina gramu moja ya unga mweupe. Ndani ya unga huo, kila molekuli ina umbo la nyota: kiini katikati, na kutoka pale minyororo mirefu inayotoka kila upande. Za chupa ya kwanza zina mikono minne, za pili mikono minane.

Ukizitia katika maji ya baridi, kila mkono unajinyoosha na kushikana na maji. Nyota inaelea peke yake, imeshiba maji, na wewe unayeangalia unaona maji matupu. Ukipasha moto polepole, inafika digrii fulani ambapo mikono inaachilia maji na kutafuta mikono ya nyota nyingine. Zinashikana mabonge, na maji yanageuka kama maziwa. Yakipoa, zinaachana bila kinyongo, na unaweza kuanza tena.

Swali la mémoire yangu ni moja tu: je, nyota za mikono minane zinashikana mapema kuliko zile za mikono minne?

Nimemweleza Domitille haya yote wakati anachambua maharage. Amesikiliza hadi mwisho, kisha akasema ni kama uji wa soya, isipokuwa uji ukishafanya mabonge hauna toba. Sijawahi kuwa na mwanafunzi aliyeelewa haraka hivyo.

Jumanne, 26 Agosti

Mvua kubwa. Yanahitajika maji safi kabisa, na chuo hakina. Nikaweka beseni jipya juu ya meza katikati ya uwanja, mbali na mabati, ili mvua iingie moja kwa moja kutoka mawinguni. Nilisimama kando, mwavuli mkononi, kufukuza kuku. Jirani yetu Denise, ambaye ni muuguzi, amemuuliza Domitille kwa upole kama mzee anaendelea vizuri.

Jumamosi, 30 Agosti

Mawingu. Siku ya kutengeneza kipimajoto.

Shule ina kimoja kizima, cha zebaki, lakini namba zake zimefutika kwa kuoshwa miaka mingi. Elodie alitaka kuazima kingine Kisangani. Nimemwambia asijisumbue: kuchora upya kipimajoto ni somo la darasa la tatu, nimelifundisha mara ishirini na nne.

Nimemwita Antoine, mwalimu wa fizikia, mtu kutoka mji wa Kilo, rafiki yangu tangu tukiwa vijana wembamba. Tumenunua barafu kwenye dépôt ya soda, tukaiponda, tukazamisha kipimajoto na kuweka alama: sifuri. Kisha tukakiweka katika sufuria ya Domitille inayochemka, tukangoja zebaki itulie, tukaweka alama: mia. Katikati tumebandika karatasi na kuigawanya sehemu mia sawasawa kwa rula na penseli iliyochongwa kama sindano. Antoine alishika, mimi nikachora. Miaka arobaini na sita ya ualimu ilikuwa imeinamia kipande kile cha karatasi.

Domitille aliuliza lini tutamrudishia sufuria, kwa kuwa maharage yanangoja na yeye anajua yanavyochelewa. Yameiva saa tisa na nusu. Antoine alikula sahani mbili akisema ni uzito wa kazi.

Jumatatu, 1 Septemba

Shule imefunguliwa. Wanafunzi hamsini na nane, viti arobaini.

Jumamosi, 6 Septemba

Kipimo cha kwanza. Kijaribio, ile neli ya kioo yenye unga na maji ya mvua, ndani ya sufuria, kipimajoto kando yake, makaa kidogo sana kwenye jiko la mbabula. Nyuma ya kijaribio nimesimamisha karatasi yenye msalaba wa wino. Maji yanapokuwa maangavu, msalaba unaonekana. Nyota zikishikana, unapotea, na hapo nasoma digrii.

Nilikodoa macho robo saa. Kisha ukungu mwembamba ukaanza kutoka chini, kama ule wa asubuhi kwenye mabonde ya Djugu, na msalaba ukaondoka. Mikono minne: 32,8.

Nimemwita Domitille aone. Amesema ni jambo zuri, lakini mtu aliyebatizwa hapaswi kushangilia msalaba kupotea.

Jumamosi, 13 Septemba

Mvua tangu alfajiri. Mikono minane: 31,3. Nimerudia mara tatu. Zinashikana mapema zaidi, digrii moja na nusu hivi. Jibu la mémoire ninalo, na bado ni Septemba. Nimekula vizuri, ingawa tulikula saa tisa.

Jumatano, 17 Septemba

Mvua. Matope hadi mlango wa darasa. Maharage saa nane na nusu.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimepeleka matokeo kwa Elodie. Alisoma, akafungua kompyuta yake, akasoma tena. Unga huuhuu, katika maabara ya Ulaya, aliupima yeye mwenyewe: mikono minne ilishikana kwenye 31,5 na minane kwenye 30. Mimi ninazo 32,8 na 31,3. Zangu zinangoja joto la juu zaidi, kwa digrii moja na kitu.

Nikaanza kuomba msamaha, nikisema labda maji yangu ni machafu. Akatikisa kichwa. Uchafu, chumvi, chochote kile cha kawaida kingeshusha namba, si kuipandisha. Chumvi inazinyang'anya nyota maji, zinashikana mapema. Ili zichelewe, maji yangepaswa kuwa safi kuliko yale ya Ulaya.

Tukaangaliana. Alisema tuwe waangalifu. Mimi nilisikia neno "safi" tu.

Jumanne, 23 Septemba

Sikulala vizuri kwa furaha. Nimempa Antoine wazo langu: mvua ya Ituri, inayotoka msituni bila viwanda, ni safi kuliko maji ya maabara ya Wazungu. Amesema alikuwa akiliwaza jambo hilo siku zote.

Jumamosi, 27 Septemba

Nimekamata mvua nyingine, nimepima tena. 32,8. 31,3. Namba zinasimama kama askari. Nimeanza sura ya nne, isiyokuwamo katika mpango: "Juu ya usafi wa maji ya mvua ya Bunia." Inaandikika yenyewe. Nimetumia neno "kipekee" mara tisa.

Domitille ameuliza kama mvua ya Mahagi-Port, alikozaliwa kando ya ziwa, nayo ni ya kipekee. Nimemwambia huo ni utafiti wa baadaye.

Ijumaa, 3 Oktoba

Antoine ana binamu kwenye radio. Ningepaswa kuliona jambo hili likija.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimesikika hewani. Dakika kumi na mbili, baada ya matangazo ya vifo. Mtangazaji aliniita mtafiti. Aliuliza kama kweli Mungu ameupendelea mji wa Bunia kwa mvua, nami kwa unyenyekevu nikamjibu kwamba sayansi ndiyo inayosema hivyo. Baada ya misa wamama wa kwaya walinipa mkono mmoja baada ya mwingine. Mmoja aliuliza kama aache kuchemsha maji ya kunywa. Nikamwambia haraka achemshe, mama, achemshe kabisa.

Elodie aliniandikia ujumbe mfupi kwenye simu: "Mwalimu, tungeongea kwanza."

Ijumaa, 10 Oktoba

Mémoire imechapwa, imeshonwa, imewekwa kwa katibu. Nakala tano, jalada la bluu. Utetezi tarehe 23. Mvua. Maharage saa tisa, lakini leo hata yangeiva Jumatatu.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimesikia kupitia kwa katibu kwamba wakubwa wawili kwenye jury, yaani jopo la watahini, walipinga Elodie kusimamia mémoire mwaka huu. Walisema bado mtoto. Kazi yangu ndiyo watakayompimia. Nimempelekea ndizi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Hapa nitaandika kwa kirefu.

Leo Domitille alikuwa akijaribu kiasi cha chakula cha siku ya utetezi. Alitia maharage motoni saa nne asubuhi. Saa sita na nusu niliketi mezani na kijiko mkononi na hakuna kitu. Nikaanza kumchokoza, kama ninavyofanya kila mara, kwamba anachoma makaa ya mwezi mzima kwa sufuria moja, kwamba labda maharage yenyewe yanamwogopa.

Hakukasirika. Alikuwa amekunja kitambaa begani, anafunua kifuniko na kufunika. Akasema:

"Baba Carine, haya maharage ni yale yale ya kwetu. Kule Mahagi-Port, masaa mbili tu, imeiva. Huku maji inachemka mbio, inafanya makelele, lakini haina moto ndani. Njo vile nakuambia kila siku."

"Maji ikichemka imechemka, mama. Mia ni mia."

"Mia ya wapi?" akasema, akaenda kutafuta chumvi.

Nilicheka. Kijiko kilikuwa bado kinanielekea mdomoni, kitupu. Kisha kicheko kikaisha chenyewe, kama redio ukiichomoa kwenye umeme.

Mahagi-Port iko chini kabisa, ziwani. Bunia iko juu, zaidi ya mita elfu moja na mia mbili. Juu, hewa ni nyepesi. Hewa ikiwa nyepesi, maji yanachemka kabla ya kufika mia. Hilo limo katika kitabu cha Antoine, ukurasa wenye picha ya mlima. Limo hata katika daftari langu la masomo, mstari mmoja, na kila mwaka nimelisoma kwa sauti darasani kama jambo linalowatokea watu wa Himalaya.

Nikafungua daftari hili. Maharage saa nane. Saa tisa na nusu. Saa tisa. Saa nane na nusu. Saa tisa. Nimeandika ushahidi mara tano kwa mkono wangu, karibu na hali ya hewa, na sikuusoma hata mara moja.

Nikatoka bila kula nikagonga kwa Denise. Nikamwomba kipimajoto chake cha wagonjwa, kile cha betri. Aliniangalia usoni, akataka kunipima kwanza. Nikamwambia mgonjwa ni kipimajoto kingine. Tukapasha maji vuguvugu katika kikombe, tukatia vyote viwili, tukacheza na maji ya moto na baridi mpaka chake kikasoma 37 kamili. Changu, chenye karatasi nzuri na mistari ya sindano, kikasoma 38,5.

Kumbe ile "mia" yetu ni tisini na sita. Kila digrii niliyosoma tangu Septemba imevaa nguo za mkubwa. Ukiirudisha mahali pake, 32,8 inakuwa 31,5. Na 31,3 inakuwa 30. Namba za Elodie, bila kupungua wala kuzidi. Nyota za Bunia zinashikana palepale wanaposhikana wenzao wa Ulaya. Mvua yetu ni mvua.

Nimekaa barazani hadi jua lilipoelekea kuzama. Wanaojua jambo hili ni watatu: Domitille, ambaye hajui kwamba anajua, Denise, anayedhani ni mambo ya umri, na mimi. Jury haina kipimajoto kingine. Nikinyamaza, Alhamisi natoka na licence, na mvua ya kipekee. Nikisema, wanaweza kuahirisha, na kuahirisha kwa mwaka huu maana yake ni kiti kile karibu na dirisha.

Maharage yalikuwa matamu sana. Yaliiva saa nane na robo.

Jumapili, 19 Oktoba

Nilimwambia Domitille baada ya misa, njiani. Hakucheka, jambo lililoniogopesha. Alitembea kidogo akiinua kikwembe juu ya matope, kisha akauliza kama yule mutoto, Elodie, anajua. Nikasema bado. Akasema: "Sasa unatembea na miye ya nini?"

Nikageukia barabara ya kwake.

Elodie alikuwa akifua nguo barazani. Alikausha mikono, akanipa kiti, na safari hii nilikaa. Nikamsomea daftari, maharage na yote. Alinisikiliza bila kusogea. Kisha akatoa simu, akapiga hesabu mwenyewe: gawanya kwa mia, zidisha kwa tisini na sita. Akapiga tena.

"Mwalimu," akasema, "nani alinifundisha kama maji inachemka kwa mia?"

"Ni miye."

"Na nilikuwa nikipata ngapi?"

"Makumi mbili juu ya makumi mbili."

"Njo maana sikuona. Miye pia nilikamata mia yenu, nikaenda nayo mpaka Ulaya, na kule iko mia kweli. Hakuna mutu aliniambia nikirudi niiache uwanja wa ndege."

Tukacheka kidogo, kisha hatukucheka tena. Yeye ameweka sahihi kwenye jalada la bluu. Wale wawili watasema mtoto hakuona. Nikamwambia nitasema kosa ni langu, kipimajoto nilichora mimi kabla yeye hajakiona. Akasema hapana, na kwa mara ya kwanza niliisikia sauti ya mkubwa wangu wa kazi.

"Mutasema kile kilitokea. Hamutanifunika. Wakiuliza directeur wa mémoire alikuwa wapi, nitajibu mwenyewe."

Nilimwangalia, nikatafuta yule wa benchi la pili, sikumwona. Nikasema: "Ndiyo, Docteur." Haikuniuma hata kidogo.

Jumatatu, 20 Oktoba

Katibu amekataa kuchapa upya. Amekubali ukurasa mmoja wa masahihisho, ubandikwe mwanzoni. Nimeubandika kwenye nakala tano kwa gundi ya watoto. Unasema vipimo vyote vizidishwe kwa 0,96 na sura ya nne isisomwe.

Nimemwambia Antoine. Alishika kidevu, akasema: "Lakini mistari ilikuwa sawasawa." Ni kweli. Mistari ilikuwa mizuri sana.

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua. Suti inanibana.

Alhamisi, 23 Oktoba

Ukumbi ulijaa, na hilo ni kosa la radio. Wamama wa kwaya walichukua safu mbili za mbele. Domitille alikaa nyuma, karibu na mlango, kwa sababu ya sufuria alizoacha zikilindwa na binti yetu Carine. Wanafunzi wangu kumi na mmoja walisimama kando ya ukuta, wenye huruma usoni kama watu waliokuja kupokea mgeni.

Rais wa jury ni profesa mzee kutoka Kisangani, mtulivu, mwenye miwani inayoning'inia. Nilieleza nyota, mikono, mabonge. Nilikuwa na kijaribio, nikakishika katika kiganja ili waone ukungu ukianza, na mikono yangu ilikuwa na moto wa woga kiasi kwamba maji yaligeuka maziwa kabla sijamaliza sentensi. Watu walipiga makofi.

Rais akaufunua ukurasa uliobandikwa. Akasema amesikia huko hotelini kwamba mvua ya hapa ina habari. Akaniomba niisimulie.

Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri ya Kifaransa. Yaliondoka yote. Nikasema kwa Kiswahili:

"Profesa, habari haiko. Mvua ya Bunia iko mvua kama ya watu wote. Ni miye nilichora kipimajoto mubaya, juu nilisahau naishi wapi."

Kicheko kilianzia kwa wamama, kikafika mpaka dirishani. Nikaeleza barafu, sufuria, mia isiyo mia. Mmoja wa wale wawili akaomba neno. Alisema mwalimu wa miaka ishirini na minne asiyejua maji ya mji wake yanachemka lini aahirishiwe, na aliyemsimamia ajieleze. Elodie akasimama. Alisema alipokea namba zile, akaona hazilingani na zake, na badala ya kuuliza kipimajoto akauliza maji. Kwa hiyo kosa lina wazazi wawili. Kisha akasema swali la mémoire halikuwa mvua. Lilikuwa mikono. Minane inashikana mapema kuliko minne, kwa digrii moja na nusu, kwa kipimajoto kibaya na kwa kizuri. Akaketi. Sikuwahi kumsikia mtu akinitetea kwa maneno machache hivyo.

Rais akavua miwani. Aliuliza ni nani aliyeligundua kosa, ikiwa si mimi wala directeur.

"Ni mke wangu. Na maharage."

Akamtafuta kwa macho. Domitille akasimama taratibu, akashika kitambaa. Profesa akamuuliza, kwa heshima kubwa, yanachukua muda gani hapa. Akasema saa sita, siku zingine saba. Kwao ziwani, saa mbili. Hata mimi, kwa mapenzi yote, najua ameongeza. Mjumbe mmoja aliandika.

Walitoka kujadili dakika arobaini. Dakika arobaini, katika suti ile. Waliporudi, Rais alisoma haraka: kazi imepokelewa, daraja la Satisfaction, asilimia sitini na sita. Masharti mawili: sura ya nne iondolewe yote, na chanzo cha sahihisho kitajwe katika orodha ya marejeo, kama chanzo kingine chochote.

Wanafunzi wangu walipiga makofi, lakini niliona wengine wamehuzunika. Walikuwa wamekwisha kusogeza kiti.

Jumamosi, 25 Oktoba

Jua siku nzima, la kwanza baada ya wiki. Nilirudi radio asubuhi, dakika mbili tu safari hii, nikaurudishia mji mvua yake ya kawaida. Mtangazaji hakuniita mtafiti. Antoine amebandua karatasi kwenye kipimajoto, anachora upya, na kila saa ananiuliza ni tisini na sita nukta ngapi.

Mchana niliandika orodha ya marejeo. Elodie amenipa sheria: jina, mwaka, mahali, na kama si kitabu, useme ni mazungumzo ya mdomo. Nikaandika:

*Domitille (2025). Mazungumzo ya mdomo, jikoni, Nyakasanza, Bunia, 18 Oktoba.*

Anakaa kati ya Mbelgiji mmoja na watu wanne wa Japani. Nikamwita aone. Alipangusa mikono, akaukamata ukurasa kwa ncha za vidole, akausoma polepole, midomo ikitembea. Nilingoja aseme kitu kizuri. Kuwa na mke katika marejeo si jambo la kila nyumba.

"Umeandika siku moja," akasema.

"Njo siku uliniambia."

"Hapana, Baba Carine. Njo siku ulisikia."

Akanirudishia karatasi na kurudi jikoni. Nikachukua kalamu, nikafuta mwaka, tarehe, hata mtaa na mji. Tulifunga ndoa mwaka 2002, na wiki ile ya kwanza tulikula maharage kwa kuchelewa. Sasa imekaa vizuri, na nimeipeleka kwa katibu hivihivi, asiguse:

*Domitille (2002–2025). Mazungumzo ya mdomo, jikoni.*